Watoto wa Shaba: Lubumbashi na Urithi Usiofika

Msomaji wa The Great Gatsby, riwaya ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald iliyotoka mwaka 1925, hukumbuka zaidi karamu: taa, muziki, magari ya kifahari na mamia ya wageni wasiomjua hata mwenyeji wao. Ni wachache wanaokumbuka kwamba chini ya karamu hizo kuna shaba. James Gatz, mtoto wa wakulima maskini wa North Dakota, anachukuliwa akiwa kijana na tajiri mzee Dan Cody, ambaye mamilioni yake yametokana na biashara ya shaba ya Montana. Kijana anamtumikia mzee huyo ndani ya chombo chake cha anasa kwa miaka mitano. Anajifunza mavazi na adabu za matajiri, tena anajipa jina jipya, Jay Gatsby. Cody anapokufa amemwachia dola 25,000, lakini kwa hila ya kisheria ambayo kijana haielewi hata kidogo, mamilioni yote yanaishia kwa mwanamke aliyekuwa karibu na mzee. Gatsby anaondoka mikono mitupu, isipokuwa mafunzo ya namna ya kuishi kitajiri. Pombe ya magendo, jumba na karamu vinafuata baadaye, na vyote vinasimama juu ya urithi ambao haukumfikia.

Urithi huo usiofika ndio historia ya Lubumbashi. Mji wa kusini mashariki mwa Kongo ulizaliwa na shaba, ukalelewa na shaba, na mwishoni mwa karne ya 20 ukaachwa na shaba. Kuna maelezo mepesi yanayosema kwamba watu wa mji huo walizoea raha, wakatumia bila kuweka akiba, na siku ya shida ikawakuta wamelala. Maelezo hayo yanamlaumu mtumishi kwa hesabu za bwana wake. Ushahidi wa miaka zaidi ya mia moja unaonyesha jambo jingine: ustawi wa Lubumbashi ulitolewa tangu mwanzo kwa namna ambayo ungeweza kuondolewa wakati wowote. Mfanyakazi alipewa nyumba, chakula, matibabu na shule kama mtoto anavyopewa na mzazi, wala hakupewa sehemu yoyote katika mali yenyewe. Aliyepewa bila kumilikishwa hana cha kushika siku mtoaji anapofunga mkono, hata awe mwekevu kiasi gani. Tofauti hiyo kati ya kupewa na kumiliki ndiyo ufunguo wa historia nzima ya mji.

Shaba ya Katanga, nchi ambamo mji huo ulijengwa, ilikuwa na wenyewe kabla mji haujakuwapo. Wataalamu wa mambo ya kale waliofukua makaburi ya Sanga, katika bonde la Upemba, walikuta misalaba ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu karne nyingi kabla ya kufika kwa Wazungu. Misalaba ya aina hiyo ilitumika kama fedha, ikavuka mipaka ya falme na lugha. Wasanga na majirani zao walichimba mawe ya kijani wakati wa kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, wakayayeyusha kwa makaa katika tanuru za udongo chini ya mafundi waliozitunza siri za kazi hiyo. Katikati ya karne ya 19 alifika Msiri, mtu wa Usumbwa katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akajenga ufalme wa Garanganze wenye makao makuu Bunkeya na kupeleka shaba, pembe za ndovu na watumwa kwenye pwani zote mbili za Afrika. Utawala wake haufai kupambwa. Ulikuwa wa mkono mzito, na waliouzwa utumwani hawakuonja utajiri wake. Hata hivyo, kila aliyeitaka shaba ya nchi ile alilazimika kuzungumza na mwenye nchi. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Omer Bodson, ofisa katika msafara wa Stairs uliotumwa kuitwaa Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, alimpiga Msiri risasi na kumwua, na Bodson naye akauawa katika tukio hilo. Tangu siku hiyo mazungumzo juu ya shaba ya Katanga yalihamia Brussels.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika mwaka 1910, na mwaka huohuo mji ukaasisiwa kwa jina la Elisabethville, jina la malkia wa Ubelgiji. Mwaka 1911 tanuru la kando ya mto Lubumbashi lilitoa shaba ya kwanza kutoka mgodi wa Étoile. Ramani ya mji ilieleza mapema nani ni nani. Upande mmoja palikuwa na barabara pana zilizopandwa miti, nyumba za Wazungu, benki na maduka. Upande wa pili palikuwa na mtaa wa Waafrika, ambao baadaye ulikuja kuwa Kamalondo, na kati yake na mji wa Wazungu pakaachwa eneo tupu kwa kisingizio cha afya. Wafanyakazi wa kampuni walikaa katika kambi zao, karibu na moshi wa tanuru. Katika riwaya ya Fitzgerald, kati ya majumba ya kifahari na New York kuna bonde la majivu ambamo watu wanaishi na vumbi la utajiri wa wengine, na matajiri hulipita wakiwa ndani ya magari na treni. Elisabethville ilipangwa na serikali yenyewe kwa mtindo huo, lakini kwa tofauti moja kubwa: hapa waliokaa upande wa majivu ndio walioutengeneza utajiri.

Kwa miaka yake ya kwanza kampuni ilitegemea watu waliotafutwa vijijini kwa mikataba mifupi, wengine kutoka Kasai na kingo za Luapula, wengine kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland na Ruanda-Urundi. Walikufa kwa wingi kwa magonjwa, walitoroka, na kila aliyeondoka aliondoka na ujuzi wake. Kuanzia mwaka 1928 uongozi wa Union Minière ulibadili mwenendo: mikataba ya miaka mitatu, ruhusa na motisha ya kuja na mke, nyumba za matofali, zahanati, kliniki za watoto, shule zilizoendeshwa na wamisionari, na posho ya chakula iliyopimwa kwa idadi ya watu wa nyumba. Mtu aliyefika kutoka kijiji chenye kodi nzito na kazi za shuruti aliona nafuu ya kweli, na hakuna sababu ya kuikana. Lakini hesabu ya kampuni ilikuwa wazi. Mfanyakazi anayekaa anagharimu kidogo kuliko yule anayetafutwa upya kila mwaka, na mtoto anayezaliwa kambini na kusomeshwa na kampuni ni mfanyakazi wa kesho. Wazee wa kambi walizoea kusema kwamba Union Minière ndiyo baba na ndiyo mama. Kauli hiyo ilibeba shukrani, na ndani yake mlikuwa na mipaka pia. Mtoto hachagui atakula nini, haulizwi mapato ya nyumba ni kiasi gani, na haoni daftari. Nyumba ya kambi ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha, ufunguo unarudi.

Mipaka hiyo ilidhihirika mara mbili ndani ya miaka kumi na kitu. Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 ulipoangusha bei ya shaba, kampuni iliachisha kazi maelfu ya watu na kuwarudisha walikotoka, familia zilizokwisha kuota mizizi mjini zikiwa miongoni mwao. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Shaba ya Katanga ilihitajiwa sana na Washirika, uzalishaji ukapandishwa, bei za bidhaa zikapanda mjini, na mishahara ikabaki nyuma. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma. Tarehe 9 ya mwezi huo walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, gavana akaenda kuwataka warudi kazini, wakakataa, na askari wakafyatua risasi. Makumi waliuawa, miongoni mwao karani Léonard Mpoyi aliyekuwa msemaji wao. Anayetafuta siku ambayo ahadi ya ubaba ilijaribiwa aitazame siku hiyo. Watu wale waliomba sehemu kubwa zaidi ya thamani waliyokuwa wakiizalisha, jambo ambalo mbia angeliomba mezani bila kutishwa na mtu. Wao hawakuwa wabia. Katika miaka hiyo ya vita urani ya Shinkolobwe, mgodi wa kampuni hiyohiyo karibu na Likasi, ilikuwa inasafirishwa kwenda Marekani kwa mpango wa siri uliozaa bomu la Hiroshima mwaka 1945. Waliolibeba jiwe hilo kwa mikono hawakuambiwa ni la nini.

Miaka ya 1950 ndiyo iliyouvika mji sifa ya utajiri. Baiskeli, cherehani, redio na suti vilionekana kambini na mitaani. Chuo kikuu kilifunguliwa mwaka 1956. Tabaka la Waafrika wenye elimu na biashara zao likakua, na mmoja wao alikuwa Moïse Tshombe, mwana wa mfanyabiashara tajiri. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga, ikiwa na bendera yenye misalaba mitatu ya shaba. Walioiunga mkono hatua hiyo walidai kwamba mali ya Katanga sasa itakaa Katanga. Dai hilo lina uzito, kwa sababu ni kweli kwamba jimbo lilichangia sehemu kubwa ya mapato ya koloni na watu wake waliona kidogo. Lakini tazama kilichobadilika kiuchumi katika miaka miwili na nusu ya kujitenga: Union Minière iliacha kulipa kodi kwa serikali ya Léopoldville (Kinshasa ya leo), ikawa inailipa serikali ya Tshombe, na hisa zikabaki Brussels kama zilivyokuwa. Misalaba ilirudi kwenye bendera, na migodi ikabaki kwa wenye hisa. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961, na Januari 1963 kujitenga kukakoma mbele ya majeshi ya Umoja wa Mataifa. Damu yote hiyo ilimwagika kugombania nani apokee kodi.

Hatua iliyofuata ilionekana kuwa tiba. Sheria ya Bakajika ya Juni 1966 iliirudisha ardhi na mali iliyo chini yake mikononi mwa serikali, mji ukaitwa Lubumbashi mwaka huohuo, na tangu Januari 1967 mali za Union Minière zikawa za shirika la umma, ambalo baadaye lilijulikana kama Gécamines. Hapa ndipo mahali pa kupima hoja kwa uangalifu, kwa sababu kama kasoro ilikuwa umiliki wa kigeni, kutaifisha kungeiondoa. Hakukuiondoa. Mkataba ulitiwa saini na kampuni dada ya wenye mali wa zamani, ukaipa jukumu la kusimamia ufundi na mauzo kwa ujira, na shirika la serikali la kuuza shaba, Sozacom, likaja mwaka 1974 tu. Muhimu zaidi, uhusiano wa ndani ulibaki vilevile: posho, kambi, hospitali, shule, baba. Mwenye mali mpya alikuwa dola, na dola yenyewe ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, Mobutu Sese Seko. Mfanyakazi wa Gécamines hakuchagua wakurugenzi, hakuona hesabu, wala chama chake cha wafanyakazi, kilichomezwa na chama tawala, hakikuweza kuziuliza. Shaba iliitwa mali ya taifa, na kwa mchimbaji aliyeshuka shimoni alfajiri jina hilo halikuwa na maana tofauti na lile la zamani.

Ubadhirifu ulikuja juu ya msingi huo. Mapema mwaka 1974 bei ya shaba ilikuwa juu sana, na serikali ilikopa kana kwamba itakaa huko daima. Ilijengwa njia ya umeme ya takriban kilomita 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, mradi ulioanza miaka ya 1970 na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa gharama iliyoilemea nchi kwa deni. Amri ya Novemba 1973 iligawa mashamba na maduka ya wageni kwa vigogo. Mwaka 1974 Kinshasa iliandaa pambano la ndondi la Ali na Foreman, karamu iliyotangazwa duniani kote. Kabla mwaka huo haujaisha bei ya shaba ilikuwa imeanguka kwa zaidi ya nusu. Gécamines haikuanguka mara moja. Mwaka 1986 bado ilizalisha karibu tani 476,000 za shaba. Lakini fedha zilizopaswa kununua mashine na kuimarisha mashimo zilikuwa zinachotwa na watawala mwaka baada ya mwaka. Septemba 1990 mgodi mkubwa wa Kamoto ulibomoka, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji wote wa shirika ulikuwa umeshuka hadi kama tani 30,000.

Je, watu wa Lubumbashi hawakuliona hili likija? Waliliona, na ushahidi ulitundikwa kwenye kuta za vyumba vyao vya kupokelea wageni. Katika miaka ya 1970, miaka ambayo mshahara wa Gécamines ulikuwa bado na thamani, wachoraji wa mitaani waliuza picha nyingi kwa familia za wafanyakazi. Moja iliyopendwa sana ni ya mamba muntu, mwanamke nusu samaki anayempa mtu utajiri kwa sharti la siri, na baadaye anadai uhai wa mmoja wa ndugu zake. Nyingine ni ya enzi za Ubelgiji: mfungwa anachapwa kiboko chini ya bendera huku ofisa Mzungu akitazama. Familia iliyotundika picha hizo mbili ukutani ilikuwa inaeleza vizuri kuliko kitabu cha uchumi kwamba utajiri wake una mwenyewe asiyejulikana, na kwamba bei yake itakuja kudaiwa. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alikwenda mbali zaidi: mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi kwa picha 101, akamfafanulia kila moja kwa Kiswahili mtaalamu Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha mjini. Miaka kadhaa kabla yake, mwaka 1965, André Yav alikuwa ameandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili kwa niaba ya watumishi wa majumbani. Mji uliozalisha kazi za namna hiyo haukuwa umelewa raha. Ulikuwa unatunza kumbukumbu za deni.

Deni hilo lilipofika, liliwafikia wasiokopa. Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa usiku ndani ya chuo kikuu cha Lubumbashi. Oktoba 1991 mji uliporwa, maduka na karakana zikaachwa kuta tupu. Mwaka 1992 na 1993, chini ya utawala wa Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wajukuu wa wale walioletwa na Union Minière, walifukuzwa katika jimbo kwa mamia ya maelfu. Wengine walikufa kwenye vituo vya reli wakingoja treni. Uovu huo ulikuwa na mantiki yake ya kutisha: pasipo haki ya umiliki, kilichobaki cha kugombania kilikuwa nafasi ya kulelewa, na wengine walishawishika kwamba watoto wakipungua sahani zitajaa. Hazikujaa. Mishahara ilikawia kwa miezi, kisha kwa miaka. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na wengi wao waliendelea kwa miaka kudai kwamba walicholipwa kilikuwa chini ya haki yao. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliipa hali hiyo jina linalostahili katika kitabu chake cha mwaka 2001: aliwaita watu hao bana Shaba, watoto wa shaba, waliotelekezwa na baba yao.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii linasema kwamba tatizo ni Mobutu tu: bila wizi wake, mfumo wa malezi ungeendelea vizuri. Wizi ulikuwepo na uliua shirika. Lakini wizi hauelezi walioachishwa kazi wakati wa mdororo wala waliopigwa risasi mwaka 1941, wakati Mobutu alikuwa bado mtoto. Wala hauelezi kwa nini kuporwa kwa shirika kubwa kuliko yote nchini kuliwezekana kwa miaka 20 bila wafanyakazi wake makumi ya maelfu kuwa na njia halali ya kulizuia jambo hilo. Kiongozi mwizi huiba kwa urahisi panapokosekana mwenye mali wa kumdai hesabu. Mfumo uliowafundisha watu kupokea, na kuwaadhibu walipouliza, ndio uliomwandalia meza. Pingamizi la pili linatoka kwa wazee wenyewe, wanaosema kwa uchungu kwamba enzi za Union Minière palikuwa na nyama, dawa na shule. Kumbukumbu yao ni ya kweli na inastahili heshima, kwa sababu inaweka kipimo: mji huu umewahi kuishi vizuri, kwa hiyo umaskini wa sasa si jambo la asili. Kosa linaingia pale kumbukumbu hiyo inapogeuzwa kuwa ombi la kupata baba mwingine.

Pingamizi la tatu linaihusu riwaya. Mtu anaweza kusema kwamba Gatsby ni mtu binafsi aliyejitungia ndoto yake, na kwamba haifai kumlinganisha na mji wa wafanyakazi waliosombwa kutoka vijijini. Tofauti hiyo ipo, nayo inaupa ulinganisho maana yake. Gatsby aliamini kwamba akipata fedha za kutosha atakubaliwa na waliozaliwa nazo, na kuvunjika kwa moyo wake ni kuvunjika kwa imani hiyo. Anapouawa, karibu wageni wote wa karamu zake hawaji kumzika. Lubumbashi haikuachwa peke yake kwa namna hiyo. Baba wa kambi alipokosa mshahara, akina mama walianza kuuza unga, mboga na samaki, wakafuata bidhaa hadi Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, wakalipa ada za shule na kununua dawa. Utafiti wa Dibwe unaonyesha jinsi mamlaka ndani ya nyumba yalivyobadilika wakati huo, kwa kuwa mamlaka ya baba wa nyumbani yalikuwa yameegemea yale ya kampuni. Riwaya ya Kimarekani inaishia kwenye majonzi ya mtu mmoja. Historia ya mji wa Kongo inaonyesha watu waliofiwa na baba wa kubuni, na ambao bila posho yake walijifunza tena kusimama kwa mali ndogo iliyokuwa yao kweli.

Shaba yenyewe imerudi. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilifungua milango kwa kampuni za nje, na bei zikapanda. Kilima cheusi cha mabaki ya tanuru la Lubumbashi, ambacho kwa miongo kilikuwa uchafu wa mji, kilionekana kuwa na kobalti ya thamani kubwa. Ikaundwa kampuni ya kukiyeyusha upya na mazao yake yakapelekwa Finland kusafishwa. Katika mgawo wa awali wa hisa, Gécamines ilipewa asilimia 20. Hata majivu ya kazi ya mababu, basi, yaligawanywa kwa namna ambayo aliyeyazalisha alipata fungu dogo. Vijana waliokosa ajira waliingia mashimoni kwa majembe na mikono, na bei ilipoanguka mwishoni mwa mwaka 2008 wanunuzi wengi walitoweka. Mwandishi Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa mji huu, alichapisha mwaka 2014 riwaya ya Tram 83, ambamo wachimbaji, wanafunzi na wageni wanatafuta starehe usiku katika baa moja ya mji wa madini. Sammy Baloji, msanii mwingine wa Lubumbashi, alizibandika picha za wafanyakazi wa enzi za ukoloni juu ya picha za karakana zilizokuwa magofu. Sasa Kongo imo miongoni mwa nchi mbili au tatu zinazoongoza kwa kuzalisha shaba duniani, na tani zake ni nyingi mara kadhaa kuliko zile za kilele cha Gécamines.

Wingi huo peke yake hautatuokoa, kwa kuwa wingi tumewahi kuwa nao. Kitakachotofautisha zamu hii na zile zilizopita ni kama raia watakuwa na haki ya kudai na kuona. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema kwamba katika mrabaha unaolipwa na kampuni, asilimia 25 ziende kwa jimbo, asilimia 15 kwa mji au eneo ambako uchimbaji unafanyika, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kila kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Hizo ni haki zilizoandikwa, na hazifanani na posho, kwa sababu haki inaweza kudaiwa mahakamani na barabarani kwa amani. Kazi iliyo mbele ya wakazi wa Lubumbashi, walimu wao, makanisa, vyama vya wafanyakazi na waandishi wa habari ni kuuliza kila mwaka, kwa sauti na kwa majina: fedha hizi zimelipwa lini, zimepokelewa na nani, zimejenga nini? Kila mtoto anayesoma leo katika mitaa ya mji huu ya Katuba, Kenya au Ruashi afundishwe maswali hayo pamoja na historia ya uwanja wa mwaka 1941. Tuache kungoja baba mwingine, tudai daftari.